Lehemu

Mimi ni mlehemu. Naziba mabomba
katika kiwanda cha alumini, kando ya mto Saguenay,
na najua jinsi bomba lisivyosema kitu
mpaka siku linapopasuka.

Kwa hiyo daktari Thivierge alipotamka neno hilo, lehemu,
nusura nicheke.
"Imezidi katika damu ya mwanao," akasema.
"Sita nukta mbili."
Maxence ana miaka tisa.
Alikuwa ukutani, anahesabu samaki ndani ya tangi la kioo.

Asubuhi ya kutolewa damu alikuja na njaa, kama tulivyoagizwa.
Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji ikilia chini ya buti kama ubao mkavu.
Muuguzi Desneiges akamfunga mpira mkononi,
akamwambia, tazama picha ya dubu.
Hakumtazama dubu. Aliitazama sindano.
Aliyemtazama dubu ni mimi.

Nilidhani damu itatoka na utandu,
kama maziwa yaliyochemka yakaachwa.
Haikuwa na utandu.
Ilikuwa nyekundu, nzuri hata,
damu ya mtoto yeyote aliyeanguka kwenye barafu
akainuka.

Mama yangu, Odélie, alinyamaza kwenye simu,
kisha akauliza: "Ni siagi yangu?"
Maana miaka arobaini ametulisha yeye:
pai ya nyama, jibini bichi linalolia menoni,
maharagwe yaliyolala usiku kucha ovenini
na mafuta ya nguruwe.
Usiku ule alitupa siagi yote nyuma ya nyumba.
Asubuhi kunguru walikuwa wameimaliza,
na yeye dirishani, na gauni la kulalia, akiwaonea huruma.

Si siagi, Mama. Siagi ni mchochezi tu.
Sisi tuliandikwa kabla ya siagi,
katika daftari za ubatizo za parokia:
watu wachache waliopanda mto huu,
wakaoana, watoto wao wakaoana,
wakarithishana pua, jina la ukoo,
na kosa dogo la herufi moja
ambalo hakuna padri aliyeliona.

Ipo picha ya baba yangu, Réjean, juu ya paa, na sepetu.
Mbonini mwake duara jeupe;
tulisema ni mwanga wa kamera.
Visigino vyake vilikuwa vinene, vigumu kama fundo la kamba;
tulilaumu buti.
Alikuwa na miaka thelathini na tisa.
Alianguka kabla ya chakula cha mchana,
na sepetu ikaendelea kuteleza peke yake
mpaka ukingoni.

Mimi nina thelathini na saba.
Nilipimwa wiki moja baada ya mwanangu.
Wanasema mtoto humtazamia kisogo nina.
Kwetu, baba ndiye aliyefuata kisogo cha mtoto,
kwenye korido ileile, kiti kilekile,
dubu yuleyule.

Flavie hana. Mbili nukta nne.
Alilia garini njia nzima:
"Kwa nini Max anapata vya Babu
na mimi sipati chochote?"
Solange akafungua mdomo, akaufunga.
Vifuta kioo vilikwenda, vikarudi.

Sasa kila jioni kuna kisahani chenye vidonge viwili,
kimoja changu, kimoja chake.
Hapendi. Anakificha chini ya ulimi,
nami najua, kwa sababu hata changu nimewahi kukificha.

Jana aliniuliza:
"Ukililehemu bomba, linakuwa jipya?"
"Hapana," nikasema. "Linakuwa bomba linalokaguliwa."
Akafikiri. Akameza.
Akachukua viatu vyake vya barafu,
na kutoka ngazini nikamsikia
anamfundisha dada yake kusema kolesteroli.
Flavie anakosea katikati,
anaanza tena.